‘Digital’ si kompyuta tu: Maneno ya Kiingereza yaliyozaliwa kwenye kidole, na kwa nini ukiyakosea hospitalini yanaweza kukugharimu

Chukulia mzee wa miaka 58 amekwenda hospitali kwa sababu anaamka usiku mara nne tano kwenda kukojoa. Daktari anamsikiliza, anaandika kwenye karatasi, anampa aende chumba cha pili. Mzee anaisoma karatasi: ‘digital examination’. Anatulia. Moyoni anasema, afadhali, kumbe siku hizi vipimo ni vya kisasa, ni mashine tu.

Anaingia chumbani anatafuta mashine haioni. Anachokiona ni daktari anayevaa glovu.

Hapo ndipo neno moja linaweza kumfanya mtu achukue kofia yake na kuondoka. Si kwamba daktari kamdanganya. Neno ‘digital’ kwa maana yake ya asili ni ‘cha kidole’ au ‘kwa kidole’. Maana ya kompyuta imekuja juzi tu.

Na si neno hilo peke yake. Kiingereza kina ukoo mzima wa maneno ya sifa yanayoeleza vidole na vitu vyenye umbo la vidole. Mengine yako kwenye karatasi za hospitali, mengine kwenye vitabu vya baiolojia, mengine kwenye mazungumzo ya kawaida. Kuyajua si mbwembwe za lugha. Kuna wakati yanabeba afya ya mtu.

Kidole kilifikaje kwenye kompyuta?

Warumi wa kale waliita kidole ‘digitus’. Binadamu wengi hujifunza kuhesabu kwa vidole, kama mtoto wa chekechea anavyofanya mpaka leo. Kwa hiyo jina la kidole likahamia kwenye namba. Kiingereza kikalichukua tangu karne ya 14: ‘digit’ ikawa tarakimu yoyote kuanzia 0 hadi 9.

Ndiyo maana simu inapokuandikia ‘enter the 6-digit code’, haikuulizi vidole. Inataka tarakimu sita. Na unaposikia mfumuko wa bei umefika ‘double-digit’, maana yake umevuka 9 na kuingia kwenye tarakimu mbili, yaani asilimia 10 na kuendelea.

Kisha zikaja mashine za kukokotoa. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanahisabati wa Marekani George Stibitz alipendekeza neno ‘digital’ litumike kwa mashine za umeme zinazofanya kazi kwa kuhesabu tarakimu. Jina likashika. Baadaye likaingia kwenye saa, kamera, televisheni na simu, na Kiswahili nacho kikalipokea kama ‘dijitali’.

Kwa ufupi safari yake ni hii: kidole, namba, kompyuta. Halafu ikageuka tena. Tanzania ilipoanza kusajili laini za simu kwa alama za vidole mwaka 2019, watu waliweka kidole juu ya kifaa cha dijitali. Ukilirudisha neno kwenye asili yake, waliweka kidole kwenye kitu cha vidole.

Wanaotumia Kifaransa, kama ndugu zetu wa Lubumbashi, Goma na Bujumbura, hawana shida hii sana. Kwao alama ya kidole ni ‘empreinte digitale’, na mambo ya kompyuta yana neno jingine, ‘numérique’, linalotokana na namba. Kiingereza kimetia vyote kwenye chungu kimoja.

Hospitalini, kidole ni kidole

Madaktari hawakuiacha maana ya zamani. Kwao ‘digital’ bado ni ya kidole, iwe cha mkono au cha mguu. Mifano ambayo mgonjwa anaweza kukutana nayo ni hii:

• ‘Digital rectal examination’: daktari anaingiza kidole chenye glovu na jeli kwenye njia ya haja kubwa ili kupapasa tezi dume, au kuangalia uvimbe na matatizo mengine ya eneo hilo.

• ‘Digital vaginal examination’: mkunga anapima kwa vidole njia ya mama mjamzito aliye kwenye uchungu, ajue imefunguka sentimita ngapi.

• ‘Digital block’: sindano ya ganzi ya kidole kimoja, kwa mfano kabla ya kushonwa au kutolewa ukucha.

• ‘Digital pressure’: kukandamiza kwa kidole mahali panapovuja damu ili iache kutoka.

Lakini hospitali hiyohiyo ina ‘digital thermometer’ na ‘digital X-ray’, ambavyo ni vifaa vya kielektroniki. Sasa mtu atajuaje?

Angalia neno linalofuata. Likifuata jina la kifaa au mashine, mara nyingi ni kompyuta. Likifuata jina la kiungo cha mwili, au kitendo anachofanya daktari kwa mkono, ni kidole. Na ukiwa na shaka, uliza: “Daktari, hiki kipimo kinafanywaje?” Ni haki ya mgonjwa kuelezwa na kukubali kabla hajaguswa.

Tumrudie mzee wetu. Saratani ya tezi dume ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi wanaume wa Afrika Mashariki, na wengi hufika hospitali ikiwa imeshasambaa. Hofu ya kidole imekuwa gumzo la vijiweni kwa miaka, na wapo wanaokwepa kupima kabisa kwa sababu hiyo.

Kuna mambo matatu ya kujua hapa.

Kwanza, siku hizi uchunguzi mara nyingi huanza na kipimo cha damu kinachoitwa PSA. Kwa hiyo kwenda kupima si lazima maana yake uanze na kidole.

Pili, damu peke yake haimalizi kila kitu. PSA inaweza kupanda kwa sababu ya tezi kutanuka tu kwa umri au kupata maambukizi, na mtu anaweza kuwa na saratani bila PSA yake kupanda sana. Ndiyo maana daktari anaweza bado kuhitaji kupapasa, asikie kama kuna sehemu ngumu au yenye uvimbe. Uhakika wa saratani wenyewe hutokana na kuchukua kinyama kidogo na kukiangalia maabara.

Tatu, kipimo cha kidole huchukua muda mfupi, mara nyingi hakifiki hata dakika moja. Hakipendezi, lakini kwa kawaida hakiumi sana. Mwanaume aliyeelezwa mapema anaingia chumbani akiwa amejiandaa. Aliyedhani anakwenda kwenye mashine ndiye anayekimbia.

Ukoo wa pili: ‘dactyl’

Kidole kwa Kilatini ni ‘digitus’. Kwa Kigiriki ni ‘daktylos’, na Kiingereza kikakusanya kote kuwili. Kwa hiyo ukiona ‘dactyl’ katikati ya neno refu la kutisha, usiogope. Kuna kidole humo ndani.

Tende ndiyo mfano mtamu zaidi. Wagiriki waliita tende kwa jina hilohilo la ‘daktylos’. Neno likapita Kilatini, likapita Kifaransa cha zamani, likafika Uingereza limekatwa mpaka likawa ‘date’. Kwa hiyo Mwingereza akifungua kopo la tende, kihistoria anakula vidole.

Pterodactyl, yule mtambaazi wa kale aliyeruka, jina lake maana yake ni ‘kidole cha bawa’. Bawa lake lilishikiliwa na kidole kimoja kirefu kupita kiasi.

Mwanafunzi wa baiolojia naye hukutana na ‘perissodactyl’ na ‘artiodactyl’. La kwanza ni la wanyama ambao uzito wao hubebwa na kidole cha katikati cha mguu, kwa kawaida wakiwa na idadi witiri ya vidole: punda ana kimoja, kifaru ana vitatu. La pili ni la wenye idadi shufwa: ng’ombe, mbuzi, swala, twiga.

Mtoto akizaliwa na kidole cha ziada, hali hiyo huitwa ‘polydactyly’, na mtu mwenyewe anaelezwa kwa sifa ya ‘polydactylous’. Kwa watu wenye asili ya Afrika hali hii si ya ajabu. Mara nyingi kidole hicho huota pembeni ya kidole kidogo cha mwisho na hakina madhara. Tatizo ni pale familia inapokifunga uzi nyumbani ili kikauke na kudondoka. Inaweza kuleta maambukizi, kutoka damu, au kubakiza kipande kinachouma baadaye. Mtoto apelekwe aonwe na mtaalamu.

Na hapa ndipo penye neno ambalo kila mzazi wa Afrika Mashariki angepaswa kulijua: ‘dactylitis’, yaani kuvimba vidole.

Vitabu vya tiba huvieleza vidole hivyo kwa sifa ya ‘sausage-shaped’, yaani vyenye umbo la soseji. Kidole chote kinavimba kuanzia shina mpaka ncha. Kwa mtoto mdogo, mikono na miguu ikivimba hivyo na kuuma, inaweza kuwa dalili ya kwanza kabisa ya selimundu, au siko seli kama wengi wanavyoiita. Mara nyingi huanza baada ya miezi sita, na huonekana zaidi kabla mtoto hajatimiza miaka mitatu.

Kinachotokea ni kwamba chembe nyekundu za damu zinajikunja na kuziba mishipa midogo ya kwenye mifupa ya vidole. Mtoto analia akiguswa mikono, anakataa kutambaa au kusimama. Mzazi anaweza kudhani kaanguka au kaumwa na mdudu. Anakandwa maji ya moto, uvimbe unaisha baada ya siku kadhaa, na kila mtu anasahau.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Kipimo cha damu kinaweza kuitambua mapema, na mtoto aliyetambuliwa mapema anaweza kuanzishiwa dawa na kinga zinazompunguzia hatari. Akivimba vidole na kuwa na homa juu yake, hapo si pa kusubiri kesho.

Vidole vya rungu

Neno jingine la kukumbuka ni ‘clubbed’. Linatokana na ‘club’, rungu. Ncha za vidole zinakuwa nene na za mviringo, kucha zinabinuka kama kijiko kilichofunikwa. Huitwa pia ‘drumstick’, kwa sababu vinafanana na kijiti cha kupigia ngoma.

Dalili hii inajulikana tangu enzi za Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, na wapo wanaoviita vidole vya Hippocrates. Vinaweza kuashiria ugonjwa wa muda mrefu wa mapafu, saratani ya mapafu, tatizo la moyo la kuzaliwa nalo, maambukizi ndani ya moyo, au ugonjwa wa ini. Mara chache ni umbile la kurithi tu na hakuna ugonjwa wowote.

Kuna namna rahisi ya kujiangalia. Iliandikwa mwaka 1976 na Leo Schamroth, daktari bingwa wa moyo wa Afrika Kusini, ambaye aliigundua kwa kutazama vidole vyake mwenyewe alipokuwa akiumwa moyo.

Chukua vidole viwili vinavyofanana, mfano vidole vya shahada vya kulia na kushoto. Vikunje, kisha ugusanishe kucha kwa kucha, mgongo kwa mgongo. Tazama katikati, karibu na shina la kucha. Kwa kawaida unaona kijidirisha kidogo chenye umbo la almasi. Kijidirisha kikiwa kimeziba kabisa, inaweza kuwa dalili ya vidole vya rungu.

Usijitibu wala usijihukumu kwa dirisha hilo. Ni sababu ya kwenda kumuona daktari, basi.

Mbuyu una vidole?

Ndiyo, kwa mujibu wa jina lake la kisayansi. Mbuyu unaitwa Adansonia digitata. Adansonia ni kwa heshima ya Michel Adanson, Mfaransa aliyefanya utafiti Senegal katikati ya karne ya 18. ‘Digitata’ ni kwa sababu ya majani: jani moja lililokomaa lina vijani vitano hadi saba vilivyotoka sehemu moja, kama vidole vya mkono uliofunguliwa.

Kwa Kiingereza jani la namna hiyo linaelezwa kama ‘digitate’. Ndugu yake ni ‘palmate’, linalotokana na kiganja. Jani la mpapai ni la kiganja: limechanika sana lakini bado ni jani moja lililoungana katikati. Tofauti hiyo huulizwa kwenye mitihani, na ukiwa na mbuyu na mpapai kichwani huwezi kuikosea.

Bamia nazo Waingereza waliziita ‘lady’s fingers’, vidole vya bibie. Ulezi wakauita ‘finger millet’, kwa sababu suke lake limegawanyika kama vidole vilivyokunjika kidogo.

Kuna pia ua linaloitwa ‘digitalis’. Mtaalamu wa mimea Mjerumani, Leonhart Fuchs, alilipa jina hilo mwaka 1542. Kwa Kijerumani ua hilo lilikuwa linaitwa jina moja na kastabini, kile kikofia cha chuma anachovaa fundi cherehani kidoleni asichomwe na sindano. Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering akachapisha kitabu kuhusu jinsi ua hilo linavyoweza kutibu. Dawa ya moyo ya digoxin, inayotumika mpaka leo, inatokana na mimea ya jamii hiyo, na jina lake bado lina kidole ndani. Ni dawa ya kuheshimu: kipimo kinachotibu na kinachodhuru havipishani sana, kwa hiyo haiongezwi wala kupunguzwa bila daktari.

Ya mtaani: chunga usijiite mwizi

Mbali na Kilatini na Kigiriki, Waingereza wana ‘finger’ yao wenyewe, na wakiiunganisha na neno jingine wanapata sifa za watu. Hapa ndipo tafsiri ya neno kwa neno inapoangusha wengi.

• ‘Light-fingered’: usidhani ni mwepesi wa kuchapa. Ni mdokozi, yule tunayemwita mwenye mkono mrefu. Ukiandika hivyo kwenye barua ya kuomba kazi, umejishitaki mwenyewe.

• ‘Sticky-fingered’: naye ni mwizi. Vitu vinamnata mkononi.

• ‘Nimble-fingered’: huyu ndiye mwepesi wa vidole, kama msusi mzuri au fundi simu. Hili ndilo la kuandika kwenye barua ya kazi.

• ‘Butter-fingered’: anayeangusha vitu kila mara, kana kwamba vidole vimepakwa siagi.

• ‘Green-fingered’: mtu ambaye akipanda chochote kinaota na kustawi.

• ‘Stubby’: vidole vifupi na vinene. Kinyume chake ni ‘slender’, virefu na vyembamba. Haya mawili yanaeleza umbo tu, hayamsemi mtu tabia.

Ya kubeba nyumbani

Ukiona ‘digit’ au ‘dactyl’ ndani ya neno la Kiingereza, anza kwa kufikiria kidole, kisha uangalie kama limehama kwenda kwenye namba au kompyuta.

Kwenye simu, ‘digital’ ni kompyuta. Kwenye karatasi ya daktari, inaweza kuwa kidole. Mwenye karatasi ana haki ya kuuliza ni kipi kabla ya kuingia chumbani.

Mtoto akivimba vidole bila kuumia, apelekwe apimwe selimundu. Mtu mzima ambaye ncha za vidole vyake zimeanza kuvimba na kucha kubinuka, asisubiri mpaka pumzi ikate.

Na yule mzee wa miaka 58? Angeuliza swali moja tu mapokezi, angejua kinachomsubiri. Labda bado asingefurahi. Lakini angebaki.